Breki za Diski za Pikipiki za Umeme Kampala: Kipi cha Kutengeneza, Kipi cha Kubadilisha

Breki ya diski ya haidroliki hufanya kazi kwa mafuta yaliyofungiwa. Dereva anapobana mkono wa breki, pistoni ndogo ndani ya masta silinda iliyoko kwenye usukani husukuma mafuta. Mafuta hupita kwenye hosi hadi kwenye kalipa iliyofungwa kando ya gurudumu, na pistoni ya kalipa hutoka na kuzibana pedi mbili kwenye diski inayozunguka na gurudumu hilo. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo nguvu ya vidole hufika chini bila kupotea njiani. Mbali na pedi, sehemu zinazochakaa mapema zaidi, yaani mafuta yenyewe na mipira midogo inayoyazuia yasivuje, zimefichwa ndani ya chuma kinachoweza kudumu miaka mingi. Kwa sababu hiyo swali la kutengeneza au kubadilisha breki halina jibu moja kwa mfumo mzima. Kila sehemu ina jibu lake. Fundi asiyetenganisha sehemu hizo hutupa kalipa nzima iliyohitaji mafuta mapya tu, na hapohapo hurudisha kazini pedi iliyolowa mafuta ambayo ilipaswa kutupwa.

Jijini Kampala swali hili limekuja pamoja na boda boda za umeme. Zembo, iliyoanzishwa mwaka 2018, na Bodawerk, ambayo sasa inajulikana kama Gogo, zilikuwa miongoni mwa kampuni za mwanzo kuingiza pikipiki hizo kazini. Spiro ilifuata baadaye. Kampuni hizi zina vituo ambako dereva huacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa. Upande wa breki, hata hivyo, mabadiliko yalikuwa ya aina nyingine. Pikipiki za petroli zilizotawala mitaa ya Kampala kwa miaka mingi, kama Bajaj Boxer za injini ndogo, zilikuwa na breki za dramu mbele na nyuma. Fundi wa kando ya barabara alizimudu kwa spana moja: kukaza nati, kubadilisha breki shuu, kupaka waya grisi. Pikipiki nyingi za umeme huja na diski ya haidroliki, hasa gurudumu la mbele, na ujuzi wa nati na waya haufiki ndani yake.

Wazo la diski na lile la mafuta yalizaliwa mbalimbali. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, na Mmarekani Malcolm Loughead akapata ya breki ya mafuta mwaka 1917. Kwenye pikipiki za kawaida muungano wa mawili hayo ulienea baada ya Honda kutoa CB750 mwaka 1969. Kanuni iliyo chini yake ni ya zamani zaidi: karne ya 17 Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba shinikizo linalowekwa kwenye kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande.

Mzigo wa breki katika jiji la vilima

Uzito wa kazi inayofanywa na breki za Kampala unaweza kukadiriwa kwa hesabu fupi. Pikipiki ya kilo 110, dereva na abiria mmoja wa kilo 70 kila mmoja, jumla kilo 250. Kuisimamisha kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni kugeuza takriban kilojuli 24 za mwendo kuwa joto. Sasa pikipiki hiyohiyo ishuke mita 100 za kimo kwa mwendo usioongezeka: nguvu inayopaswa kuzuiwa ni takriban kilojuli 245, sawa na kusimama ghafla mara kumi. Kilele cha Kololo kiko mita 1,311 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 100 juu ya mabonde yanayokizunguka; Muyenga, Makindye na Naguru nazo zina miteremko inayofahamika na kila mwendesha boda. Kama joto lote hilo lingeishia kwenye diski moja ya chuma yenye uzito wa kilo moja, bila upepo wa kuipoza, diski ingepanda kwa zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi. Kwa kweli upepo, matairi na breki ya pili huchukua sehemu kubwa, lakini hesabu inaonyesha kwa nini mteremko mrefu huumiza breki kuliko foleni ya Wandegeya.

Pikipiki ya petroli ina msaidizi kwenye mteremko. Dereva akishusha gia na kuachia mafuta, injini yenyewe hushika mwendo. Mota ya umeme ikikatiwa umeme huzunguka karibu bure. Badala yake baadhi ya pikipiki za umeme zina uwezo wa kurudisha umeme kwenye betri: mota hugeuka jenereta na kwa kufanya hivyo huzuia gurudumu. Msaada huo una mipaka mitatu. Kwanza, haupo kwenye mota za gurudumu zenye gia za ndani zinazoachia gurudumu lizunguke peke yake. Pili, hupungua sana mwendo unapokuwa mdogo, kwa hiyo hatua za mwisho za kusimama ni za pedi na diski. Tatu, betri iliyojaa haina pa kuweka umeme zaidi. Dereva anayebadilisha betri kwenye kituo kilicho juu ya kilima kisha akaanza kuteremka mara moja anateremka na msaada mdogo kuliko wakati mwingine wowote wa siku.

Zaidi ya vilima, kuna vumbi jekundu la murramu na misimu miwili ya mvua, takriban Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Vumbi la murramu lina chembe ngumu za mchanga zinazokwaruza kama msasa. Likichanganyika na maji huwa uji unaojipenyeza kwenye kila mwanya wa kalipa. Kuoshwa kwa pampu yenye nguvu huongeza tatizo, kwa sababu maji yanayolengwa moja kwa moja kwenye kalipa husukuma uji huo kupita mipira ya kuzuia vumbi. Pikipiki inayobeba abiria siku nzima na kuoshwa jioni hufikia kwa miezi michache uchakavu ambao pikipiki ya kwendea kazini tu ingeufikia kwa miaka.

Nguvu inavyozidishwa

Ukubwa wa masta na wa kalipa huenda pamoja. Chukua mkono wa breki unaozidisha nguvu mara tano, pistoni ya masta yenye kipenyo cha milimita 12.7 na pistoni moja ya kalipa yenye kipenyo cha milimita 30. Eneo la pistoni ya kalipa ni takriban mara tano na nusu ya lile la masta. Vidole vikibana kwa nguvu ya kilo 8, masta hupokea kilo 40, na pedi hubanwa kwa zaidi ya kilo 220. Kalipa nyingi za pikipiki ndogo zina pistoni upande mmoja tu. Upande wa pili hubanwa kwa sababu mwili mzima wa kalipa huteleza kwenye pini mbili. Pini hizo zikikauka au kushika kutu, pedi ya upande wa pistoni huliwa haraka huku ya pili ikibaki karibu mpya. Dereva huona breki imelegea, hununua pedi mpya, na baada ya muda mfupi hurudi na tatizo lilelile.

Kurudi kwa pistoni nako kuna siri yake. Hakuna springi ndani ya kalipa. Sili ya mraba inayoizunguka pistoni hupinda kidogo pistoni inapotoka, na mkono unapoachiwa, sili hujinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Kadiri pedi zinavyopungua, pistoni huteleza mbele ndani ya sili na mafuta hushuka kwenye kikopo cha masta. Kwa hiyo kikopo kilichopungua si lazima kiwe kinavuja. Huenda kinaonyesha tu kwamba pedi zinakaribia kwisha. Fundi anayejaza mafuta hadi juu bila kuangalia pedi hujiwekea mtego: siku pedi mpya zitakapofungwa na pistoni kusukumwa nyuma, mafuta yatafurika na kumwagika juu ya rangi na plastiki za usukani.

Kusoma dalili

Mkono wa breki unaobonyea kama sponji, kisha ukakaza baada ya kupampu mara kadhaa, unaonyesha upepo ndani ya mafuta. Mkono unaokaza vizuri asubuhi na kulegea baada ya mteremko mrefu unaonyesha mafuta yaliyochemka kwa sababu yana maji. Mkono unaoshuka polepole hadi kugusa usukani wakati dereva ameushikilia kwenye taa za barabarani, bila tone la mafuta kuonekana popote, unaonyesha sili ya ndani ya masta iliyochakaa: mafuta yanapita nyuma ya pistoni na kurudi kwenye kikopo. Mkono mgumu ambao hauzuii pikipiki unaonyesha pedi zilizolowa mafuta au kuungua na kung'aa kama kioo.

Gurudumu linaloshikwa hata baada ya mkono kuachiwa lina visababishi vitatu vya kawaida: pistoni yenye kutu, sili iliyovimba, au kitundu kidogo cha kurudishia mafuta ndani ya masta kilichozibwa na tope. Kuna njia rahisi ya kuvitenganisha. Gurudumu likiwa limening'inia na kushikwa, nipeli ya kutolea upepo hufunguliwa kidogo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, shinikizo lilikuwa limefungiwa na kasoro iko juu, kwenye masta au hosi. Gurudumu likibaki limeshikwa, kasoro iko kwenye kalipa yenyewe. Kwenye pikipiki ya umeme gurudumu linalokwaruzwa kidogo tu lina gharama ya pili, maana hula umbali ambao betri ingefika, na dereva huilaumu betri.

Mdundo unaosikika kwenye mkono wakati wa kusimama ni wa diski iliyopinda au iliyoliwa bila usawa. Mlio mkali wa chuma kwa chuma ni wa pedi iliyokwisha. Pikipiki ya umeme haina kelele ya injini ya kufunika sauti hizo, kwa hiyo dereva makini hupata onyo mapema kuliko mwenzake wa petroli.

Mafuta na mipira

Mafuta mengi ya breki za pikipiki ni ya aina ya glaikoli, yenye alama DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1 kwenye chupa. Viwango vya chini vya kuchemka vya mafuta mapya ni nyuzi 205 kwa DOT 3, 230 kwa DOT 4 na 260 kwa DOT 5.1. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, hata kupitia ukuta wa hosi ya mpira. Yakifikia asilimia 3.7 ya maji, viwango hivyo hushuka hadi nyuzi 140, 155 na 180. Mafuta yanapochemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na mkono wa breki hufika kwenye usukani bila kitu kutokea. Baada ya dakika kadhaa mfumo hupoa, mvuke hugeuka tena maji, na fundi akipima haoni kasoro. Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama breki inaonekana nzima. Kwa boda boda inayopanda na kushuka vilima kila siku katika hewa yenye unyevu, mwaka mmoja ni muda wa busara zaidi.

DOT 5, tofauti na DOT 5.1, ni mafuta ya silikoni na hayachanganyiki na hayo mengine. Mafuta ya madini, yanayotumika kwenye baiskeli nyingi, ni aina ya tatu kabisa. Mipira ya mfumo wa glaikoli ikiguswa na mafuta ya madini, oili ya injini, dizeli au petroli huvimba na kulainika. Mipira ya mfumo wa mafuta ya madini nayo huharibiwa na glaikoli. Hapa mazoea ya gereji ya petroli hudhuru. Kuosha kalipa kwa petroli huitoa ikiwa inang'aa, lakini sili zilizobaki ndani hunywa petroli na kuanza kuvimba siku chache baadaye. Maji ya sabuni yakifuatiwa na kukaushwa vizuri, spiriti, au mafuta mapya ya breki yenyewe ndivyo vya kusafishia. Aidha, mafuta yanayopimwa kutoka chupa iliyokaa wazi kwenye rafu yamekwisha kunywa unyevu kabla hayajaingia kwenye pikipiki. Chupa ndogo yenye kifuniko kisichofunguliwa ni rahisi kuliko ajali.

Yanayotengenezeka

Kazi yoyote huanza kwa kutoa betri. Kwenye pikipiki za kubadilisha betri ni suala la dakika moja, na huondoa hatari ya gurudumu kuzunguka ghafla vidole vya fundi vikiwa kati ya diski na kalipa.

Kalipa iliyokwama kwa kawaida huokolewa. Pistoni hutolewa kwa kupampu mkono wa breki wenyewe kabla hosi haijafunguliwa, njia salama kuliko upepo wa kompresa unaoweza kuirusha pistoni kama risasi. Sili zote mbili, ya mafuta na ya vumbi, hutolewa kwa kijiti cha mbao au plastiki ili mfereji usikwaruzwe. Mfereji husafishwa mpaka ganda jeupe au la kahawia lililojijenga nyuma ya sili liishe. Ganda hilo ndilo mara nyingi hubana pistoni. Pistoni yenye madoa ya kutu mahali sili inapopita hubadilishwa, kwa sababu kuipiga msasa huondoa kromu na kutu hurudi. Sili mpya hupakwa mafuta mapya ya breki na pistoni husukumwa kwa vidole. Pini za kutelezea husafishwa na kupakwa grisi ya silikoni isiyodhuru mpira. Grisi ya kawaida ya bearingi huvimbisha mipira yake.

Masta nayo hutengenezeka kwa seti ya pistoni na sili zake, mradi ukuta wa ndani uwe laini. Mkwaruzo unaohisiwa kwa ukucha humaanisha masta mpya. Washa za shaba zinazoziba maungio ya hosi hubadilishwa kila zinapofunguliwa. Ni vitu vidogo vya bei ndogo, na uvujaji mwingi baada ya matengenezo huanzia hapo.

Kutoa upepo ndiyo hatua inayopima subira ya fundi. Usukani huzungushwa mpaka kikopo cha masta kikae sawa. Mpira mdogo unaoonyesha ndani huvishwa kwenye nipeli ya kalipa na ncha yake ya pili huzamishwa kwenye chupa ya soda yenye mafuta kidogo. Msaidizi hupampu mkono polepole mara tatu au nne na kuushikilia. Fundi hufungua nipeli robo mzunguko, mafuta na mapovu hutoka, nipeli hufungwa kabla mkono haujaachiwa. Mzunguko huo hurudiwa, kikopo kikijazwa kabla hakijakauka, mpaka mafuta yatoke safi bila povu. Kikopo kikikauka mara moja tu, upepo huingia kutoka juu na kazi huanza upya. Kwa mfumo uliokuwa mtupu kabisa, sirinji inayosukuma mafuta kutoka kalipa kwenda juu hufanya haraka zaidi, kwa sababu mapovu hupenda kupanda. Mapovu madogo yanayokataa kutoka huachiwa usiku: mkono wa breki hufungwa kwenye usukani kwa kipande cha tyubu ya zamani, na asubuhi mapovu huwa yamepanda hadi kwenye kikopo.

Yanayotupwa

Pedi iliyolowa mafuta haisafishiki. Kuichoma kwa moto huondoa mafuta ya juu tu, na yaliyozama ndani hutoka tena breki ikipata joto. Pedi iliyong'aa bila kulowa inaweza kusuguliwa kwa msasa, lakini iliyobaki na unene wa takriban milimita moja, au ambayo mfereji wake wa alama umekwisha, hutupwa. Pedi mpya hununuliwa kwa jozi. Za mchanganyiko laini wa nyuzi na gundi hushika vizuri zikiwa baridi na huisha upesi kwenye matope. Zenye unga wa chuma hustahimili joto na matope lakini hula diski zaidi. Kwa boda boda inayoshinda kwenye vilima, aina ya pili au iliyo kati ya hizo mbili huwa nafuu mwisho wa hesabu.

Diski ya pikipiki huwa na unene wa chini uliochorwa juu yake na mtengenezaji. Ikifika hapo, au ikiwa na ufa, hubadilishwa. Kuinyoosha kwa nyundo diski nene ya pikipiki ni kujidanganya: jicho huona imenyooka ilhali mkono utaendelea kuhisi mdundo, kwa sababu hata sehemu ya tatu ya milimita moja inatosha kuuleta. Hosi iliyovimba, kupasuka au kusuguliwa na gurudumu haiungwi wala haifungwi kwa utepe. Inabeba shinikizo la zaidi ya mara 30 ya lile la hewa kila breki inapobanwa sawasawa.

Kuna hali ambapo seti nzima ndiyo nafuu. Kama sili za kalipa hiyo haziuzwi peke yake, kama nyuzi za nipeli zimekatika ndani ya mwili, au kama mafuta yasiyofaa yamevimbisha kila mpira kuanzia kikopo hadi kalipa, seti mpya ya masta, hosi na kalipa huokoa muda na wasiwasi. Sharti ni uwiano. Katika mfano wa hapo juu, masta ya milimita 12.7 ikibadilishwa kwa ya milimita 16, shinikizo hushuka kwa zaidi ya theluthi moja kwa nguvu ileile ya vidole: mkono utakuwa mgumu na wa kutia moyo, huku pikipiki ikichelewa kusimama.

Upande wa umeme

Mkono wa breki wa pikipiki ya umeme una kazi ya ziada. Ndani yake kuna swichi inayowasha taa ya nyuma na, kwenye mifano mingi, kuiambia kontrola ikate nguvu ya mota na kuanza kurudisha umeme. Mkono wa badala uliotengenezewa pikipiki ya petroli unaweza kuingia kwenye usukani bila shida na taa ikawaka, lakini plagi au mpangilio wa swichi ukawa tofauti, na mota ikaendelea kusukuma wakati breki inazuia. Kipimo chake ni chepesi. Pikipiki husimamishwa kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Mota huzungushwa polepole, kisha mkono hubanwa kidogo tu. Mota ikiendelea kuvuta, kazi haijakwisha.

Gurudumu lenye mota ndani lina waya mnene unaopita kwenye ekseli. Likitolewa ili diski ibadilishwe, waya huchomolewa kwanza na gurudumu haliachwi lining'inie juu yake. Washa za kuzuia ekseli isijizungushe hurudishwa kwa mpangilio uleule, maana mota ikijizungusha kwenye fremu hukata waya wake yenyewe. Diski iliyofungwa kwenye mota hupokea pia joto la mota baada ya kupanda kilima, kwa hiyo breki ya nyuma huanza mteremko ikiwa tayari ina moto.

Baiskeli za umeme

Baiskeli za umeme, ambazo shirika la FABIO la Jinja limekuwa miongoni mwa waliozileta Uganda, zina mfumo uleule kwa kipimo kidogo, na tofauti mbili zinazogharimu. Ya kwanza ni mafuta: Shimano na Magura hutumia mafuta ya madini, ilhali breki nyingi za SRAM hutumia DOT. Alama huwa kwenye mkono wa breki, nayo inafaa kusomwa kabla ya kitu chochote kufunguliwa. Ya pili ni diski. Diski ya kawaida ya Shimano ina unene wa milimita 1.8 ikiwa mpya na hutupwa ikifika 1.5, ni nyembamba kiasi cha kunyooshwa kwa kifaa cha mkono, jambo ambalo kwenye pikipiki halifai. Mahali ambapo mafuta ya madini na sili haviuzwi karibu, breki ya diski ya waya ni chaguo la heshima kwa baiskeli ya mizigo, ingawa waya wake hudai kukazwa mara kwa mara.

Spea na mwenye jukumu

Spea za breki mjini hutafutwa soko la Kisekka na kwa wauzaji wa barabara zinazolizunguka. Pedi huchaguliwa kwa kulinganisha umbo na ile ya zamani, na kwa kuwa pikipiki nyingi za umeme hutumia kalipa za maumbo yanayoshirikiwa na pikipiki za petroli kutoka China na India, pedi zinazofaa hupatikana mara nyingi hata pale jina la pikipiki halijulikani kwa muuzaji. Sili ni ngumu zaidi: hupimwa kwa kipenyo cha pistoni na upana wa mfereji, na tofauti ya nusu milimita hutosha kuleta uvujaji au kukwama. Fundi mwenye vernia huenda sokoni na vipimo mkononi.

Suala la nani alipe hutegemea mkataba. Dereva anayelipa pikipiki kidogo kidogo huwa na masharti kuhusu gereji za kutumia, na kufunguliwa kwa kalipa na fundi wa nje huweza kufuta dhamana. Masharti hayo yana maana pale gereji za kampuni zinapokuwa karibu na hazichelewi; zikiwa mbali, dereva ambaye kila saa ya kusimama humkosesha nauli atakwenda kwa fundi wa jirani, na bora fundi huyo awe na mafuta sahihi na seti ya sili. Sheria ya Usalama Barabarani ya Uganda ya mwaka 1998 haibagui kati ya wawili hao: chombo kibovu hakiruhusiwi barabarani. Vituo vya betri vina nafasi ya pekee hapa, kwa kuwa ndipo mahali ambapo kila pikipiki hupita tena na tena wiki nzima. Kuangalia unene wa pedi, kiwango cha mafuta na ukakamavu wa mkono wa breki huchukua muda usiozidi ule wa kubadilisha betri.

Baada ya matengenezo, pedi na diski mpya huzoeshwa kabla ya kubeba abiria. Pikipiki hufikishwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa kwenye barabara tambarare isiyo na watu, kisha hupunguzwa taratibu karibu na kusimama, mara 20 hivi, na nafasi ya kupoa kati ya mara moja na nyingine, mpaka tabaka jembamba la pedi lijipake sawasawa kwenye diski. Mkono hukaguliwa tena kesho yake breki ikiwa bado baridi, na maungio ya hosi hupanguswa kwa kitambaa kikavu kutafuta unyevu. Mafuta ya zamani hayarudishwi kwenye chupa wala kumwagwa mferejini. Hukusanywa kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na oili ya injini inayouzwa tena, kwa sababu yakichanganyika nayo huiharibu.